Kifungo cha Tatu

Sehemu ya pili, Nugzari alikufa kwa mshale.
Sehemu ya nne akafa tena, safari hii Mwajemi
mwenye ndevu za gundi, akaanguka upande ule ule
kwa kuwa nyonga ya kushoto inamsumbua.
Sehemu ya sita alikuwa mtawa, akaokoa kitabu motoni
(kitabu chenyewe boksi la viatu nililolivika ngozi),
akakohoa kikohozi chake mwenyewe.
Salome, mwongozaji, akasema: hicho kibaki.

Mimi ndiye mshona mavazi wa kipindi, hapa Kutaisi.
Miaka elfu tatu ya nchi hii imepita chini ya sindano yangu.
Deraya nazisuka kwa katani, nazipaka rangi ya fedha.
Damu ni sharubati ya komamanga na sabuni kidogo,
ili itoke kwa maji baridi.
Joho la malkia lina kiraka kwapani;
kamera haijapata kuliona kwapa la malkia.

Kisha tukafika sehemu ya kumi na moja.
Majira ya baridi. Umeme hakuna. Foleni ya mkate.
"Hii nyepesi," alisema Salome,
aliyezaliwa taa zilipokwisha kurudi.
"Makoti tu. Theluji ya karatasi. Nyuso za njaa."

Nugzari alilikataa koti langu.
Alileta lake, limekunjwa ndani ya mfuko wa rambo,
lina harufu ya mafuta ya taa hadi leo.
Nikalipiga pasi. Nikaona kifungo cha tatu hakipo,
nikatafuta kinachofanana na wenzake, nikakishona.
Sikumuuliza. Mkono wa fundi hauulizi,
ukiona tundu unaziba.

Wakapangwa watu arobaini kando ya ukuta wa tanuri,
wanafunzi wa chuo wengi wao, wamepakwa majivu mashavuni.
Nugzari akaanza kuwahamisha, taratibu,
kama mtu anayepanga vyombo jikoni kwake:
wewe rudi nyuma;
huyu mama alikuwa na ndoo, si kikapu;
hapa asimame kijana mwenye redio.
"Ina betri?" kijana akauliza.
"Haikuwa nayo. Alikuwa akiishika tu sikioni."
Na mbele yake mwenyewe akaacha nafasi,
upana wa mtu mmoja mwembamba.

"Simamisha!" Salome akaita. "Kuna pengo kwenye picha."
"Si pengo," akasema Nugzari. "Ni Lamara."

Mashine ya theluji iliendelea kutapika karatasi.
Hakuna aliyejua pa kuweka macho.
Salome akavua vipokea sauti, akavivaa tena,
akasema, "Haya. Tunaanza," kwa sauti ndogo
ambayo sijaisikia kwake hata siku tulipouteketeza mji.

Kabla ya kamera kuwaka, mzee alinifuata pembeni,
akaomba mkasi.
Akakata kifungo changu, uzi kwa uzi, bila hasira.
"Majira yale hakikuwepo," akasema.
"Lamara aliahidi kukishona umeme ukirudi."
Akaniwekea kiganjani.

Nimekitia kwenye kopo la vifungo
pamoja na vya wafalme, vya plastiki vyote.

Jumapili kipindi kikarushwa. Nilitazama kwa jirani yangu Tsiala,
ambaye husinzia tangu zama za shaba
na huamka pakiwa na harusi.
Foleni ilipojitokeza aliketi wima.
Kijana na redio yake. Mama na ndoo.
Nugzari, koti wazi kifuani, baridi ya karatasi ikimwingia.
Na palipokuwa patupu mbele yake,
Tsiala akanyoosha shingo kulia, kisha kushoto,
kama mtu aliyezibwa na aliyesimama mbele.